Kaka anasema kipande kimepanda 80%, dada anasema kimeshuka 28%. Nani anatudanganya?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Chamwino, ila nyumbani ni Nkuhungu, ninakoishi na mama. Kwa mama tuko watatu. Kaka yuko Johannesburg mwaka wa 13 sasa, dada ana meza ya vitenge sokoni Majengo, mimi ndiye kitindamimba.

Baba alituachia kiwanja Nala. Mirathi ilipokamilika, Juni 2019, tulikiuza shilingi milioni 16. Dada alitaka tujenge vyumba vya kupangisha wanafunzi Iyumbu, jirani na UDOM, maana mama ana eneo dogo kule. Kaka akakataa. Akatueleza kuhusu riti, yaani mfuko wa milki unaouzwa kwenye soko la hisa kule aliko: unamiliki maghorofa ya ofisi, maduka makubwa na maghala, unakusanya pango, halafu unawagawia wenye vipande. "Mtakuwa na nyumba Johannesburg bila kugombana na fundi," akasema. Mama akacheka, akakubali, na mama akishakubali kwetu kikao kimefungwa.

Randi wakati ule ilikuwa kama shilingi 160, kwa hiyo zikapatikana randi 100,000. Akanunua vipande 8,000 kwa randi 12.50 kila kimoja. Akaunti ni ya jina lake.

Mwaka 2020 bei ikaporomoka hadi randi 5. Tukanyamaza, kila mtu na maombi yake. Krismasi iliyopita kaka alikuja, akashuka na treni ya SGR na zawadi zake, na siku ya pili mezani dada akauliza hela za baba zimefikia wapi. Kaka akafungua simu, akatuonyesha mchoro: "Tangu 2020 imepanda 80%. Ilikuwa 5, leo ni 9." Dada akatoa kikokotoo chake cha sokoni: "Tulinunua 12.50, leo 9. Tumepoteza 28%." Walirushiana maneno mpaka wali ukapoa.

Kikawa kibaya zaidi pale kaka alipotoa karatasi ya magawio kujitetea. Ndipo tukagundua kwamba zile hela alizokuwa akimtumia mama kwa simu mara mbili kwa mwaka, ambazo mama alizoea kuziita "hela ya mwanangu" na kuzisimulia hadi kanisani, zilikuwa gawio la vipande. Nimejumlisha ujumbe wa simu ya mama: baada ya makato ya kodi na ya kutuma, alipokea shilingi 3,400,000 kwa miaka yote. Mama hakusema neno. Alinyanyuka akaenda kuangalia kuku.

Nimekupigia picha karatasi ya magawio na kurasa kadhaa za taarifa ya mwaka ya mfuko. Gawio kwa kipande: nusu ya pili ya 2019 randi 0.55, 2020 randi 0.30, 2021 randi 0.45, 2022 randi 0.75, 2023 randi 0.85, 2024 randi 0.85. Taarifa inasema thamani halisi ya kipande ni randi 15.20, deni ni 38% ya thamani ya majengo (2020 lilikuwa 46%), nafasi zisizo na mpangaji ni 9%, na vipande vyote vilivyopo ni milioni 1,040. Mwaka 2019 vilikuwa milioni 820. Mwaka 2020 wameandika hasara kubwa ya kutisha, lakini gawio dogo lilitoka hata hivyo. Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Mimi nafundisha Historia.

Nani mkweli? Mfuko huu ni mzima au mgonjwa? Na tuuze au tukae?

Kitindamimba, Nkuhungu, Dodoma


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kaunta buku na kalamu. Mwalimu wa Historia aliyepiga picha idadi ya vipande bila kuambiwa angekuwa mhasibu mzuri tu.

Hakuna anayewadanganya kwenye kugawanya. Kaka yako amechukua 5 na 9, dada amechukua 12.50 na 9, na wote vikokotoo vyao vizima. Ila kaka ameanza kuhesabu siku ambayo ninyi hamkununua. Ile randi 5 ni bei ya 2020, maduka yamefungwa, wapangaji wanaomba wasamehewe pango, na mifuko mingi ya milki kule Afrika Kusini imepunguza au kusimamisha magawio. Mtu akikuonyesha mchoro wa bei kwenye simu, usikimbilie kutazama mstari unaishia wapi. Tazama unaanzia wapi, na umuulize kwa nini pale. Mimi nikianza kujipima uzito siku nilipotoka kuugua malaria, nitaonekana nimenawiri ajabu.

Dada ameanzia mahali sahihi, lakini amesahau mavuno. Nina ekari moja na nusu ya zabibu Mpunguzi. Mtu akiniuliza lile shamba limenilipa vipi, siwezi kumtajia bei niliyonunulia na bei ya leo nikaishia hapo, kana kwamba miaka yote ile sikushusha kreti hata moja. Na riti ndivyo ilivyotengenezwa, iishi kwa mavuno. Kanuni za soko la Johannesburg, tangu utaratibu wa riti uanze kule 2013, zinaitaka igawe angalau 75% ya faida inayogawika. Marekani, zilikoanzia 1960, ni 90%. Kenya ni 80%. Kampuni ya kawaida inaweza kukaa na faida yake ikajenga kiwanda kingine. Riti haina ruhusa ya kukaa nayo yote hivyo, na badala yake inasamehewa kodi ya kampuni kwa kile ilichogawa. Ukiipima kwa bei peke yake ni kama kupima ng'ombe wa maziwa kwa bei ya mnadani.

Basi tuhesabu sawasawa. Magawio uliyoorodhesha yanafika randi 3.75 kwa kipande. Jumlisha na bei ya leo, randi 9, unapata 12.75. Mlitoa 12.50. Kwa hiyo kwa randi mmepata 2% kwa miaka mitano na nusu. Si faida, si hasara. Ni kama mliifukia chini ya mwembe na mwembe ukawarudishia na majani mawili.

Lakini mama yenu hanunui unga kwa randi. Vipande 8,000 kwa randi 9 ni randi 72,000. Randi leo ni kama shilingi 145, siyo 160 tena, kwa hiyo hapo kuna shilingi 10,440,000. Ongeza zile 3,400,000 alizopokea mama. Jumla 13,840,000. Mlitoa milioni 16. Kwa shilingi, mmepungukiwa na 2,160,000, sawa na 13.5%, na sijagusa mfumuko wa bei, maana sitaki ukose usingizi.

Hiyo ndiyo namba yenu. Siyo 80, siyo 28. Kilichowala ni vitu vitatu: bei, kodi ya magawio ambayo kaka yako hukatwa kule kama sehemu ya kipato chake, na randi yenyewe kulegea mbele ya shilingi. Mchoro wa kwenye simu unaonyesha kimoja tu.

Sasa linganisha na kitu kilichokuwepo siku ileile. Juni 2019 hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani unaikopesha serikali pesa yako, ilikuwa na kuponi, ndiyo riba yake ya mwaka, ya 15.49%. Milioni 16 pale zingemletea mama shilingi 1,239,200 kila baada ya miezi sita. Kufikia mwisho wa 2024 zingekuwa kuponi 11, yaani shilingi 13,631,200 mkononi, na mtaji bado uko Benki Kuu ukisubiri kuiva. Najua inauma. Sikuambii ili ukamrushie kaka. Viwango vile havikudumu, 2022 vilishushwa na ya miaka 20 ikawa 12.10%, na mwenye hatifungani akitaka kuuza kabla ya muda naye hukutana na bei za soko. Lakini ukitaka kujua uwekezaji umefanya vizuri au vibaya, lazima uusimamishe karibu na jirani yake. Ukiusimamisha peke yake kila uwekezaji ni mrefu.

Vyumba vya Iyumbu je? Dada hatapenda jibu langu. Tuseme milioni 16 zingetoa vyumba vitatu vya kuishi mtu, kila kimoja 50,000 kwa mwezi. Wanafunzi wakifunga chuo wanabeba magodoro yao wanaondoka, kwa hiyo hesabu miezi tisa: 1,350,000 kwa mwaka. Ni kama 8.4% ya mtaji, kabla ya tenki la maji, kitasa kilichovunjwa na simu za saa tano usiku kwamba luku imeisha. Si mbaya, si muujiza. Faida ya vyumba ni kwamba havina skrini: hakuna anayekutangazia kila asubuhi kwamba chumba chako cha Iyumbu leo kimeshuka 3%. Huwa kinashuka, ila kwa siri. Kuhusu kile kiwanja cha Nala, usiulize kinauzwaje siku hizi. Tangu serikali ihamie Dodoma hilo swali limevunja undugu wa watu wengi.

Haya, mfuko wenyewe, mzima au mgonjwa?

Anza na ile hasara ya 2020 iliyokutisha. Kila mwaka wathamini wanapita kwenye majengo na kuandika yana thamani gani. Thamani ikishuka, tofauti inaandikwa kama hasara ya mwaka, ingawa hakuna hata senti iliyotoka mlangoni. Mwaka ukigeuka, thamani ikapanda, inaandikwa faida, na hakuna senti iliyoingia. Ndiyo maana katika riti mstari wa "faida ya mwaka" ni wa kupita haraka. Tafuta mstari wa mapato yanayogawika: pango lililoingia, toa gharama za kuendesha majengo, toa riba ya mikopo, acha nje mambo ya wathamini. Hiyo ndiyo pesa ya kweli, na ndiyo iliyowapa randi 0.30 katika mwaka wa hasara.

Sasa njoo kwenye namba yako nzuri kuliko zote. Nusu ya pili ya 2019 mlipata 0.55, kwa mwaka mzima tuseme 1.10. Zidisha kwa vipande milioni 820: mfuko uligawa kama randi milioni 902 kwa mwaka. Mwaka 2024, gawio 0.85 mara vipande milioni 1,040 ni randi milioni 884. Umeona? Sufuria ni karibu lilelile. Sahani ndizo zimeongezeka, kwa 27%.

Kilichotokea naweza kukisoma hata bila kufika Johannesburg. Mwaka 2020 deni lilikuwa 46%. Kanuni ya soko lile inaruhusu hadi 60%, lakini wakopeshaji huanza kukunja uso mapema zaidi, hasa majengo yanaposhushwa thamani: deni halijaongezeka hata randi moja, ila asilimia inapanda yenyewe kwa kuwa thamani ya majengo unayoigawanyia imepungua. Mfuko ukahitaji pesa ya kupunguza deni. Faida hauwezi kuiweka yote, maana sehemu kubwa lazima igawiwe. Ukauza vipande vipya, tena wakati bei iko chini. Deni likashuka hadi 38%, mfuko ukapumua, na waliolipia pumzi hiyo ni wenye vipande vya zamani, ninyi mkiwemo. Sitawalaumu sana wasimamizi kwa hilo. Nyumba ikiungua unamwaga hata maji ya kunywa. Ila wakiendelea kuuza vipande vipya kwa bei ya chini sasa hivi, moto ukiwa umeshazimwa, hapo nitawalaumu. Kila taarifa ikitoka, kabla ya kusoma barua ya mwenyekiti yenye picha ya jua likichomoza, hesabu sahani.

Bei nayo haikushuka kwa uonevu. Gawio limetoka 1.10 hadi 0.85, yaani limepungua 23%. Bei imepungua 28%. Juni 2019 mnunuzi alikubali kulipa 12.50 apate 1.10, yaani 8.8%. Mnunuzi yule akitaka 8.8% ileile kwa gawio la leo, atalipa 9.66. Yaani karibu anguko lote la bei ni gawio tu. Ile tofauti ndogo iliyobaki, kutoka 9.66 hadi 9, ni riba. Benki Kuu ya Afrika Kusini iliteremsha riba yake hadi 3.5% Julai 2020, ikaipandisha hadi 8.25% kufikia Mei 2023, na kuanza kuishusha tena Septemba 2024. Riba ikipanda, riti inapigwa mara mbili: mikopo yake inakuwa ghali, na mwenye pesa anadai mavuno makubwa zaidi ndipo anunue kipande, kwa sababu hatifungani za pale jirani nazo zinalipa vizuri. Matofali hayajasogea, wapangaji wamo, na bei inashuka.

Nafasi tupu 9% si janga, lakini nataka kujua ni nafasi gani. Ghala likikaa tupu miezi miwili anapatikana mwenye malori. Ofisi ya Sandton, mtaa wa maofisi pale Johannesburg, ikikaa tupu ni habari nyingine. Tangu watu wajifunze kufanyia kazi nyumbani ofisi nyingi kule zimekuwa zikibembeleza wapangaji kwa miezi ya bure. Na miaka ya 2022 na 2023, umeme ukikatika kwa zamu nchi nzima, wenye majengo walichoma dizeli kama maji. Gawio kubaki 0.85 miaka miwili mfululizo wakati kila kitu kinapanda bei, kwangu ni dalili ya mgonjwa aliyetoka wodini lakini bado anatembea na fimbo.

Sasa ile 15.20. Kaka yako ataishika hiyo kama kirungu: "Thamani ni 15.20, soko linauza 9, tumekalia mali!" Mwambie taratibu. 15.20 ni maoni ya wathamini kuhusu majengo, toa madeni, gawa kwa vipande. 9 ni pesa ambayo mtu yuko tayari kuitoa leo mchana. Pengo la 41% linaweza kuwa bahati, na linaweza kuwa soko linasema "hatuwaamini wathamini wenu". Na pengo halina tarehe ya kuzibwa. Kenya walikuwa na riti yao ya kwanza sokoni, Fahari, iliyoorodheshwa Nairobi Novemba 2015 kwa shilingi 20 za Kenya kwa kipande. Miaka ikapita, thamani ya majengo kwenye vitabu ikiwa juu ya bei ya sokoni kwa mbali, wenye vipande wakisubiri pengo lizibe. Mwisho wawekezaji wadogo wakapewa ofa ya kununuliwa kwa shilingi 11, na Februari 2024 ikaondolewa kwenye soko kuu. Walisubiri zaidi ya miaka minane.

Nimefika kwenye jambo ambalo wewe umelipitia kwa sentensi moja na mimi limenikaa kooni: akaunti ni ya jina lake.

Mwanangu, hela ya mirathi ya watu wanne iko nchi nyingine kwa jina la mtu mmoja, na karatasi ya kwanza mmeiona Krismasi, miaka mitano baadaye, tena kwa ugomvi. Simtuhumu kaka yako. Pesa amezituma, namba zinakaribiana, na kama angekuwa mwizi asingeleta karatasi mezani. Lakini leo akipatwa na jambo, Mungu apishe mbali, vile vipande 8,000 vitaingia kwenye mirathi yake yeye, kwa sheria za kule, kwa mke na watoto wake, na ninyi mtakuwa mnasimulia habari za kiwanja cha Nala kwa hakimu asiyejua Nala iko wapi. Kabla hamjajadili kuuza au kutouza, andikeni makubaliano: ni vipande vingapi, vya nani kwa mafungu gani, viliponunuliwa, na kwamba yeye anavishika kwa niaba yenu. Kila mmoja asaini, wakili agonge muhuri, nakala moja ikae kwa mama. Na taarifa ya akaunti ije kwenu kila nusu mwaka, pamoja na gawio, siyo gawio peke yake.

Kuuza. Bei kuwa chini ya mliyonunulia si sababu ya kuuza, na pia si sababu ya kusubiri. Kipande hakijui mlikinunua bei gani. Ninachokiangalia mimi ni mama. Ni mtu mzima, anatumia shilingi, na anachohitaji ni hela inayoeleweka tarehe yake. Kumbebesha mama wa Nkuhungu mashaka ya randi, ofisi za Sandton na riba za Pretoria ni mzigo ambao hakuuomba. Kwa hiyo fungu lake litoke. La kwako na la dada, mtajua wenyewe, lakini ningekuwa dada yako ningetoka pia, maana moyo wake haumo na hautakuwamo.

Na njia nyepesi ya kutoka haipiti hata sokoni. Kaka yako anaamini kipande kina thamani ya 15.20. Vizuri. Mwambieni anunue mafungu yenu kwa bei ya soko ya siku hiyo, randi 9. Vipande tayari viko kwenye akaunti yake, hakuna ada ya wakala, hakuna wa kumtafuta. Kama mmegawana robo robo, mafungu yenu matatu ni randi 54,000, kama shilingi 7,830,000. Anaweza kulipa kidogo kidogo kwa mwaka mmoja, mkiandikiana. Kwa mtu anayeamini anauziwa mali ya 15.20 kwa 9, hiyo ni sikukuu. Akianza kukuna kichwa, utakuwa umepata maoni yake ya kweli kuhusu mfuko ule, maoni ambayo hata taarifa ya mwaka haiwezi kukupa.

Fungu la mama likishafika, hatifungani za serikali mnaweza kuanza na milioni moja, kupitia benki au wakala wa soko la hisa. Kuponi hutegemea toleo, kwa hiyo someni tangazo la mnada la Benki Kuu kwa macho yenu na msiende kwa kusikia. Mkimchangia nyote zikafika milioni 7, na toleo likawa la 12%, mama atapata 420,000 kila miezi sita. Akitaka kitu anachoweza kukitoa muda wowote, kuna vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, na kuna Faida Fund ya Watumishi Housing, ambao ndio walioleta riti ya kwanza hapa kwetu. Faida Fund yenyewe siyo riti, kwa hiyo mkifika dirishani ulizeni hela inawekwa wapi.

Lakini kabla ya kumpigia kaka, zungumza na mama. Mkae wawili, siyo mbele ya dada. Mwambie zile milioni tatu na laki nne zilikuwa zake, zimetoka kwenye kiwanja cha mume wake, na mwanawe alizifikisha bila kuzipunguza njiani. Nadhani kilichompeleka bandani siku ile si hela. Ni kanisani alikokwisha kusimulia.

Picha yako ya mwisho imekatwa pembeni, ile yenye jedwali la mikataba ya wapangaji. Naona 2025 na 2026, halafu kidole chako. Nipigie tena ukurasa wote. Nataka kuona ofisi ngapi mikataba yake inaisha mwaka huu.